Mwaka Mimi na Binti Yangu Tulipochagua Masomo

Binti yangu alipofaulu mtihani wa Serikali, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta makaratasi. Vyuo vyote vya Bukavu vinataka makaratasi yaleyale, na ya kwetu yote yalikuwa katika valizi moja iliyokaa chini ya kitanda tangu tuhamie Kadutu. Aliivuta, akaifungua, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: kadi za ubatizo, karatasi za chanjo, picha ya arusi yetu iliyoliwa na unyevu pembeni. Chini kabisa akakuta bahasha ya kaki. Alirudi sebuleni ameishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mume wangu alikuwapo, na kaka yake mkubwa, na dada yangu mkubwa. Wale wawili walikuja kwa jambo moja tu, kumchagulia mtoto fakilte, masomo ya kusomea chuoni.

"Maman," binti yangu akasema, "hii diploma iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Ya kweli?"

Dada yangu akacheka. "Ulizani mama yako alizaliwa na fagio mukononi?"

Wengine hawakucheka. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja ya kusafisha hospitalini. Watoto wangu wote watatu walinijua kwa ndoo, kwa harufu ya dawa ya sakafu, na kwa kikwembe cha kazi nilichokifua kila jioni. Diploma sikuwaficha. Ila sikuwahi kuona siku ya kuitoa.

Niliipata Bunyakiri, katika ualimu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa amekwisha kupanga nije Bukavu kuendelea. Kabla ya kufika mwaka wa masomo vita vilitukuta, tukakimbilia msituni upande wa Hombo, na tulipotoka huko maisha yalikuwa yameshika njia nyingine. Nikaolewa. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana mume niliyempata ni seremala mwenye mkono mzuri na maneno machache, na sijapata kujuta. Lakini bahasha niliibeba katika kila kuhama.

Basi Jumapili ile diploma yangu ikalala mezani kando ya sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, na mazungumzo ya binti yakaendelea. Shemeji yangu alitaka mtoto asome sheria. Alisema ana sauti ya mahakamani. Dada yangu alitaka udaktari, kwa sababu katika ukoo wetu hajatoka daktari. Binti yangu aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, kisha akasema anataka kusoma ujenzi.

"Ujenzi?" shemeji yangu akauliza. "Mutoto mwanamuke apande juu ya kuta na mafundi?"

Binti yangu akamweleza kwa utulivu. Mwaka uliopita, wakati wa mvua, nyumba iliyokuwa juu yetu mlimani iliteremka na udongo. Ya jirani, iliyojengwa hatua tano kutoka pale, ilibaki imesimama. Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza watu kwa nini ile moja ilienda na ile nyingine ikabaki, na hakuna aliyemjibu kitu cha maana. Alitaka kwenda mahali wanapojua.

Shemeji yangu alitikisa kichwa tu. Hapo binti yangu akaigusa bahasha ya kaki.

"Papa mukubwa, mbele ya kunichagulia miye, muchagulie kwanza maman. Naye ana diploma."

Alisema kwa kukasirika kidogo, ili wamwache. Lakini wakubwa walipenda ule mchezo na wakaucheza. Dada yangu akasema mimi ningesoma uuguzi, si niko hospitalini tayari? Shemeji akasema hapana, diploma imeandikwa ualimu, na mtu afuate karatasi yake. Wakabishana juu yangu kama vile nimetoka kwenda kuchota maji. Mimi nilikaa pale nikawasikia. Niligundua kwamba jibu ninalo, na kwamba limekuwa ndani yangu miaka mingi bila mtu kuliuliza.

"Miye ningesoma mambo ya labo," nikasema.

Mume wangu, ambaye tangu tuanze kula hakuwa ametamka neno, akaweka kikombe chini.

"Ungesoma," akaniuliza, "ao utasoma?"

Nilijua kwamba swali lile halikuwa la mchezo, na yeye alijua kwamba ninajua.

Nieleze kwa nini labo, yaani maabara. Hospitalini walinipa korido ya nyuma, yenye vyumba vitatu vya maabara. Nilipangusa sakafu, nikamwaga takataka, na kazi iliyopita zote ilikuwa kuosha vile vioo vidogo vyembamba wanavyopaka damu ili kuiangalia kwa hadubini. Mkuu wa maabara alikuwa mzee wa kabila la Balega, kutoka Mwenga, mtu mrefu, asiyependa kelele. Sote tulimwita Chef. Kwa miaka minne ya kwanza hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Siku moja waliingiza mtoto mwenye homa, ametoka Luvungi na mama yake. Jamaa zao waliokuwa nje walikuwa wakinong'ona kwamba mtoto amelishwa sumu na jirani, na jina la huyo jirani lilikuwa limeanza kutajwa. Chef alikuwa ameinamia hadubini. Mimi nilikuwa karibu na miguu yake na kitambaa changu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Maman, kuya uone sumu yenyewe." Akanipisha.

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha picha ikatulia, na ndani ya chembe za damu nikaona vipete vidogo, vya zambarau, kila kimoja na jiwe lake, kama pete za arusi za watu wasioonekana. Ilikuwa malaria. Nilitoka koridoni, nikampita yule mama aliyekaa kwenye benchi, na kwa dakika chache nilijua jambo juu ya mwanawe ambalo yeye alikuwa hajalijua, na kwamba jirani yao hana kosa. Sikumwambia, haikuwa kazi yangu. Lakini kutoka siku ile nilipofika mlango wa maabara nilipangusa polepole.

Jumatatu, baada ya ile Jumapili ya bahasha, nilimwambia Chef. Nilingoja amalize kazi ya asubuhi, nikasimama mlangoni na ndoo mkononi, nikasema nina diploma ya Serikali na nataka kwenda kusoma maabara. Nilitegemea acheke, au aniambie nifikiri umri wangu. Aliniuliza diploma ni ya nini. Nilipomwambia ualimu, akakunja uso.

"Kemia itakutesa," akasema. "Batoto batakuwa wameisoma miaka mine. Weye ulisoma namna ya kufundisha kuimba."

"Najua, Chef."

"Sikiliza. Batu banachagua masomo kwa kuangalia siku ya kuvaa toge ya kumaliza chuo. Hiyo siku iko moja. Chagua kwa kuangalia siku mubaya, juu hizo njo ziko mingi. Siku mubaya ya labo unaijua?"

"Chef, siku mubaya zote za labo hii, ni miye nilizipangusa."

Akavuta kiti cha pili, kile cha wanafunzi wa mazoezi, akakiweka karibu na chake. "Saa sita, batu bakienda kula, unakuya hapa na daftari."

Hivyo ndivyo nilivyorudi shuleni. Kila saa sita mchana nilikaa pale, yeye akala ndizi yake kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. Alinifundisha kwa vitu vya chumba kile: chumvi, siki, dawa ya sakafu niliyokuwa nikiitumia miaka yote bila kujua jina lake la kweli. Jambo likinishinda, alisema tu, "Tuanzie kule nyuma." Hakuwahi kuniuliza kama nimechoka.

Siku ya kujiandikisha nilivaa kikwembe cha Noeli. Binti yangu alinisindikiza. Chuo cha ufundi wa tiba kiko mlimani, na foleni ilikuwa imetoka nje ya ofisi mpaka barabarani, vijana tu, wote wakitazama simu zao. Zamu yetu ilipofika, bwana wa mezani alimnyooshea binti yangu mkono apokee makaratasi, kisha akaniambia kwa heshima kabisa:

"Maman, utungoje pale inje. Ni mwanafunzi njo anaingia."

"Njo miye," nikasema.

Akamtazama binti yangu. Binti yangu akasema, "Miye nimemusindikiza."

Kijana mmoja nyuma yetu alianza kucheka, mwenziwe akamgusa begani akanyamaza. Bwana wa mezani alisoma fomu yangu, akaisoma tena. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri ananisaidia aliponiambia kwamba hapo hapo chuoni kuna uuguzi, na kwamba kwa mtu wa umri wangu uuguzi ungekuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa nina watoto na ninajua kutunza watu.

"Papa, asante," nikamwambia. "Lakini ile niliyoandika njo niliyochagua."

"Diploma yako ni ya ualimu. Itabidi ufanye mutihani wa kuingia."

"Nitafanya."

Akagonga muhuri. Sauti ile ya muhuri ninaikumbuka kuliko maneno yote ya padri siku ya arusi yangu, Mungu anisamehe.

Mtihani nikaufanya wiki tatu baadaye. Kati ya maswali ya kemia niliacha mawili wazi. Mengine nilijibu nikiona mkono wa Chef ukiandika kando ya maganda ya ndizi. Majina yalipotundikwa ukutani, mimi sikuweza kusogea karibu. Nilisimama kando ya lango, nikijifanya ninafunga kitambaa cha kichwa. Binti yangu ndiye aliyejipenyeza kati ya watu. Niliona kidole chake kikiteremka juu ya karatasi, kikateremka, kikasimama. Hakupiga kelele. Alirudi taratibu, macho yamejaa maji, akanishika mkono mbele ya vijana wote wale.

"Nambari kumi na moja, maman."

Tulishuka kwa miguu mpaka Nyawera. Pale kwenye wauza nyanya akaniambia kwamba kesho yake anakwenda kujiandikisha ujenzi. Nikamwuliza atamwambiaje baba yake mkubwa. Akasema, "Akikasirika, nitamuambia aanze na weye." Na kweli alijiandikisha. Shemeji yangu hakutukanyagia nyumba mpaka Pasaka. Pasaka akaja na jogoo, akala nasi, na suala la sheria halikutajwa tena.

Mwaka wa kwanza ulinipiga. Hospitali ilinikubalia kufanya kazi alfajiri na mwisho wa wiki, na wenzangu wa usafi wakanibebea zamu zangu nyingine. Wachache walisema nyuma yangu kwamba mpangusaji anataka kuwa daktari. Niliyasikia, korido zile zinarudisha sauti. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu, na vijana waliniita Maman ya promosheni, yaani mama wa darasa. Waliniwekea kiti cha mbele. Nami niliwapelekea mihogo ya kuchemsha, tukasoma pamoja, na taratibu wakaacha kuninyamazia mambo yao.

Kemia ilifanya kama Chef alivyosema. Mwisho wa mwaka nilipata alama nne juu ya ishirini. Nilirudi nyumbani na karatasi ile imekunjwa katika kitabu cha nyimbo. Nilipofika sikumkuta mume wangu sebuleni, alikuwa nyuma, katika karakana yake, akipiga randa. Nilimpa karatasi. Aliisoma, akaifuta vumbi la mbao lililoiangukia, akanirudishia.

"Iko sesheni ya pili ya kurudia mutihani?"

"Iko."

"Basi kamata hapa."

Nikashika upande mmoja. Ilikuwa meza ya mbao za libuyu, ndefu, yenye droo mbili, moja kila upande. Alikuwa ameitengeneza kwa wiki nyingi kati ya kazi za watu, na mimi nilidhani ni ya mteja. Tuliiingiza sebuleni, ikala nafasi ya viti viwili vya wageni. Upande mmoja binti yangu alichora nguzo na misingi yake, upande wa pili mimi nikapigana na kemia yangu. Yeye alisoma hesabu sekondari, kwa hiyo aliniwekea mizani ya zile hesabu za kemia mpaka nikaziona. Alinifundisha bila kunihurumia, akiniambia, "Maman, hapana, rudia." Wadogo zake walikaa chini kwenye mkeka wakicheka kusikia mama anarudishwa nyuma na dada yao.

Sesheni ya pili nilipata kumi na mbili.

Mwaka wa pili tulianza mazoezi ya mikono. Mwalimu wetu, mwanamke mdogo kuliko mimi, mkali, alitupa kila mmoja kioo, sindano na rangi, akataka tupake tone la damu na tulitayarishe lisomeke. Vijana walioniacha mbali katika kemia wakapaka kwa kubahatisha. Damu ikawa nene huku, nyembamba kule, vioo vikavunjika. Mimi vioo vile nilikuwa nimeviosha maelfu, na ukiosha kitu muda mrefu unajua kipi kilipakwa vizuri na kipi vibaya. Nilipaka changu, nikakikausha, nikakitia rangi, nikakiweka mezani. Mwalimu alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akapita nacho kiti kwa kiti, akawaonyesha darasa zima.

"Maman, mikono yako ilijifunzia wapi?"

"Nilikuwa naviosha, madame."

Nilisema wazi, kwa sauti ya kutosha chumba kizima. Vijana hawakucheka. Mmoja wao aliniomba palepale nimwonyeshe, na wengine wakasogea. Nikasimama katikati yao nikiwafundisha, na kwa mara ya kwanza ile diploma yangu ya ualimu nayo ikapata kazi.

Mazoezi ya mwisho niliyafanya katika hospitali yangu mwenyewe. Siku ya kwanza niliingia korido ile nikiwa na koti jeupe. Wenzangu wa usafi walikuwa wamejipanga ukutani, na yule aliyesema zaidi nyuma yangu ndiye aliyenifunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi. Akasema, "Usituaibishe." Nikasema sitawaaibisha. Asubuhi hiyohiyo aliletwa mwanamke kutoka barabara ya Hombo, asiyejua Kiswahili vizuri, aliyekuwa akiogopa kutolewa damu. Nilizungumza naye Kitembo, lugha ya kwetu Bunyakiri. Alinipa mkono wake. Niliitoa damu, nikaisoma, Chef akaisoma baada yangu, na katika kitabu cha majibu akanipa kalamu ili niandike mimi. Niliandika jibu, nikatia sahihi. Chef akaangalia ile sahihi, akasema ni ndefu mno kwa mtu wa maabara, nitachoka. Ndivyo alivyosifu.

Nilipotetea kazi yangu ya mwisho, niliyoifanya juu ya minyoo ya watoto wa mtaa wetu na maji wanayokunywa, mume wangu alikuja na suti aliyooa nayo. Hakuwahi kukaa katika ukumbi wa chuo. Alikaa mstari wa mbele, katikati ya binti yetu na Chef, mikono juu ya magoti. Mwalimu mmoja aliniuliza swali gumu juu ya maji ya bomba la kwetu, nikamjibu kwa kumweleza bomba lenyewe, limepita wapi na limepasuka wapi. Mume wangu akaanza kupiga makofi peke yake. Mkuu wa jopo akamwomba angoje.

"Nangoja," akasema. "Nilikuwa nazani amemaliza."

Watu wakacheka, na jopo pia. Waliponitangazia kwamba nimepita kwa heshima, hakupiga makofi tena. Alikuwa ameinama, anatafuta kitambaa mfukoni.

Sasa nafanya kazi katika maabara ile, na binti yangu yuko mwaka wake wa mwisho. Wiki iliyopita alinipeleka juu ya mlima, mahali ile nyumba ilipoteremka, akanionyesha ukuta wa mawe walioujenga yeye na wenzake na mwalimu wao ili kuushika udongo. Nilipiga mawe yale kwa kiganja kama mtu anavyopiga ng'ombe. Yalikuwa imara.

Mume wangu, majirani wakimwuliza mke wake ni nani hospitalini, angeweza kusema ni wa maabara tu na wakaelewa. Hasemi hivyo. Amejifunza jina lote la masomo yangu kwa Kifaransa, na analitamka polepole, kipande kwa kipande, na randa ameiweka chini: "Biologie médicale." Kisha anangoja aulizwe maana yake.